Mbao za mpini wa kisu Nyanda za Juu Kusini: mninga wa kitanda kuukuu, mkahawa, mwati au mpingo?

Anayetengeneza visu kwa mkono Mbeya, Iringa au Njombe amezungukwa na miti. Malori ya mbao yanashuka kutoka Sao Hill kila siku, kuni za miwati zimepangwa kando ya barabara za Njombe, na wakulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe wanang'oa mikahawa mizee kupanda miche mipya. Kinachokosekana ni mti mkavu. Ndiyo maana hapa tunaanza kupima ukavu, kisha bei, na ugumu unakuja mwisho. Kipande cha mninga kilichokaa miaka 20 kwenye ubavu wa kitanda kitakupa mpini bora kuliko mpingo uliokatwa mwaka jana, tena kwa pesa kidogo sana.

Sababu iko kwenye mkia wa kisu, ile sehemu ya chuma inayobeba mpini. Mti unasinyaa unapokauka, chuma hakisinyai. Ukifunga vibao vibichi kwenye mkia mpana, baada ya wiki kadhaa kingo za chuma zinachomoza na kukwaruza kiganja, gundi inaachia, maji yanaingia kwenye upenyo na kutu inaanza kula chuma kwa ndani usikoona. Kibao cha mkaratusi chenye upana wa milimita 40, kikishuka kutoka unyevu wa asilimia 25 hadi 11, kinaweza kupungua milimita 1.5 au zaidi. Mninga uliokwisha kukauka ndani ya nyumba haupungui hata nusu milimita.

Na hali ya hewa ya kwetu haisaidii. Makambako na Mafinga kuanzia Juni hadi Agosti kuna baridi na upepo mkavu. Tukuyu mwezi Machi nguo hazikauki. Kisu kilichofungwa mpini Mafinga wakati wa kiangazi kikiuzwa Tukuyu au Kyela kitavimba, na cha Tukuyu kikipelekwa Makambako kitasinyaa. Mti usiosogea sana ndio unaovumilia safari hiyo.

Mizani ya jikoni na rula

Kata kipande safi cha sentimita 10 kwa 4 kwa 1. Hizo ni sentimita za ujazo 40, na uzito wake kwa gramu unakuambia mengi kabla hujanunua gunia zima la vipisi. Kikiwa kikavu, mpaini utasoma gramu 16 hadi 20. Mgrivelia ni kama 22 hadi 24, mninga 24 hadi 26, mtiki karibu 26, mkongo karibu 32. Mpingo unafika 48 na kuzama majini. Mkaratusi hauna namba moja kwa sababu kuna aina nyingi na umri wa mti unabadilisha kila kitu. Kwa mpini wa kisu kinachofanya kazi kweli, chochote chini ya gramu 22 kitabonyea na kuchakaa haraka.

Uzito huohuo ndio utakaokuonyesha kama mti umekauka. Kipande kimoja ni chepesi mno kwa kazi hiyo, maana gramu moja ni karibu asilimia 4 ya uzito wa kibao cha mninga, na mizani nyingi za jikoni hazisomi chini ya hapo. Funga vipande kumi pamoja, viandike tarehe, upime kila wiki. Uzito usipobadilika kwa wiki tatu mfululizo, mti umelingana na hewa ya mahali pale. Kama mahali penyewe ni Tukuyu katikati ya masika, bado hujamaliza: vipandishe darini juu ya jiko, pale mahindi ya mbegu yanapotunzwa, vikae wiki mbili au tatu na upime tena. Usiviweke karibu na moto kiasi cha kushindwa kuvishika kwa mkono, vitapasuka.

Mninga wa fanicha kuukuu dhidi ya vipisi vipya

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko zote, na tunashangaa jinsi watu wanavyopita vitanda vibovu vya mninga wakienda kutafuta mbao mpya. Mninga unajulikana kwa kutosogea. Hata ukiwa mpya hukauka bila kupinda sana, na ukishakaa miaka ndani ya nyumba unatulia kabisa. Unakatika vizuri, hauui tupa, unakunywa mafuta vizuri na rangi yake ya kahawia yenye mistari haihitaji kupakwa chochote.

Kwenye kitanda kuukuu chukua mbao za ubavuni na za kichwani. Chaga ziache, nyingi ni mpaini. Ubavu wa inchi 1 kwa 6 wenye urefu wa futi 6 ukirandwa hubaki kama milimita 20. Ondoa sentimita 15 kila upande, ambako kuna matundu ya boliti na makovu ya viungo, ubaki na mita moja na nusu. Kata vipande 11 vya milimita 130, kila kimoja ukichane mara tatu kwa upana wa milimita 40, kisha upasue kila kipande katikati ya unene wake. Utapata jozi 33 za vibao vya karibu milimita 9. Jozi iliyotoka kwenye kipande kimoja ifunge kwa uzi pamoja: mistari yake italingana pande mbili za kisu, na vibao hivyo vitasogea kwa kiasi kimoja.

Kabla ya msumeno, pitisha sumaku juu ya mbao yote. Msumari uliokatwa kichwa na kufunikwa kwa vanishi hauonekani, na jino moja la msumeno likiugonga, gharama yake inazidi bei ya mbao. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mweupe, kata sehemu hiyo na uitupe mbali na akiba yako. Wadudu hao wanapenda ile mbao nyeupe ya nje, kwa hiyo tumia ya ndani yenye rangi peke yake. Milango na fremu zilizopakwa rangi ya zamani zirande nje, si chumbani, na usizipige msasa mkavu, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Vumbi la mninga lenyewe huwasha pua na huwabana wenye pumu. Barakoa ni ya lazima.

Vipisi vipya kutoka karakana za maseremala, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Iringa mjini, ni rahisi kupata na mara nyingi huuzwa kwa mfuko kama kuni. Ubaya wake ni kwamba hujui mbao ilikatwa lini. Muulize fundi, halafu upime kwa njia ya vipande kumi hata kama amekuapia. Katika mfuko huo utakutana pia na mkongo. Ni mgumu kuliko mninga, mzito, hausogei, na kwa kisu cha mchinjaji tungeuchagua wa kwanza. Ila ukilowa unaweza kutoa rangi ya njano inayochafua kitambaa, kwa hiyo unahitaji kupakwa mafuta mara nyingi zaidi kabla haujaenda kazini. Ukinunua mbao kwa wingi na kuisafirisha wilaya hadi wilaya, omba risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ana vizuizi barabarani, na kutojua hakutakuokoa.

Mkahawa na mpera

Hii ni miti ya bure, au karibu na bure, kwa anayejua kusubiri. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Mbimba, Mbozi, kimekuwa kikisambaza miche bora, na kila mkulima anayebadilisha shamba hubaki na mashina ya zamani yanayoishia jikoni. Shina la mkahawa mzee lina unene wa sentimita 7 hadi 12. Mbao yake ni ya rangi ya maziwa yenye chai, imebana, haina matundu makubwa, na ikisuguliwa hadi msasa namba 400 inateleza mkononi.

Tatizo lake ni nyufa. Gogo la mviringo likikauka likiwa zima, mzunguko wa nje unasinyaa karibu mara mbili ya upande wa kuelekea kiini, na mti hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Kwa hiyo usiliache zima hata siku mbili. Kata vipande vya sentimita 30, ambavyo vina sentimita 5 za kupoteza kila upande, na siku hiyohiyo upasue katikati kupitia kiini. Ondoa maganda, maana wadudu huanzia hapo. Paka ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, kwani maji hutoka kwenye ncha kwa kasi kuliko ubavuni na ndiko nyufa zinakoanzia. Panga kivulini, weka vijiti vya unene wa kidole kati ya tabaka na tabaka. Baada ya miezi miwili chana vibao vya milimita 15, uvipange tena vilevile, anza kupima uzito. Ukipata kibao kimoja kizuri kwa kila viwili umefanya vizuri. Kiini chenyewe usikiache ndani ya mpini kamwe.

Mpera unakwenda kwa hatua hizohizo lakini haupasuki sana kama mkahawa, yaani hasara yake ni ndogo. Watoto wanaokata manati wanajua kwa nini wanachagua panda ya mpera: unapinda kabla ya kuvunjika. Kwa panga, nyengo na visu vya shambani vinavyopigwa na kutikiswa, kati ya miti yote ya bei ndogo huu ndio tungeushika. Hauna urembo, lakini hauachii.

Mkahawa uuweke kwa visu vidogo vya jikoni na vya kumenyea, au kisu cha zawadi. Ukiupiga nyundo kwa nguvu kwenye ribiti, zile pini zinazobana vibao kwenye mkia, utapasuka kufuata nyuzi.

Mwati na mkaratusi

Mwati umepandwa Njombe kwa ajili ya maganda yake yenye tanini ya kulainishia ngozi. Kampuni ya TANWAT ilianzishwa 1949 kwa kazi hiyo. Mti unaobaki baada ya kuchunwa huwa kuni, mkaa na fito, na bei yake ni ya kuni. Mbao yake ni nzito na inavumilia mapigo. Chagua kuni iliyonyooka, isiyo na fundo, yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 12, halafu uitendee kama mkahawa.

Lipo jambo moja kuhusu mwati ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi wa samawati, na hali hiyohiyo hukichubua chuma. Kwenye kisu cha springi ya gari utaona mstari mweusi kuzunguka mkia baada ya kuoshwa mara chache. Dawa yake ni kuufunika mkia wote kwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), pamoja na ndani ya matundu ya ribiti, na kutumia ribiti za shaba badala ya msumari wa chuma. Mkaratusi una tabia hiyo pia, ingawa kwa kiasi tofauti.

Kuhusu mkaratusi wenyewe, hatuupendekezi kwa anayeanza. Nyuzi zake mara nyingi zimejisokota, unapinda, na ukikaushwa haraka mbao yake hunywea ndani na kuacha mabonde. Mti wa miaka minane uliokatwa kwa ajili ya fito hautulii. Ukipata boriti ya mkaratusi iliyotoka kwenye paa la nyumba ya zamani, hiyo ni habari nyingine. Imeshafanya vituko vyake vyote huko juu, na ugumu uliobaki ni wa kweli.

Mgrivelia, mti wa kivuli mashambani, unakaa katikati: mwepesi kuliko mninga, una mistari mizuri kama lesi ukichanwa upande sahihi, unafaa visu vyepesi. Vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Mpingo na mtiki

Mpingo hutoka zaidi Lindi na Ruvuma, na kwetu unapatikana kama mabaki ya wachongaji. Mpini unahitaji kipande kifupi tu, kwa hiyo mabaki yanatosha. Ni mgumu kuliko kila kitu kilichotajwa hapa na maji hayaupati kirahisi. Lakini hukauka polepole sana, kwa miaka, na kipande kinachong'aa nje kinaweza kuwa kibichi ndani. Ukiutoboa kwa keekee ya umeme bila kupumzika, joto linaupasua: toboa milimita 3, toa keekee, safisha, endelea. Tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo anayetaka kuuza visu nje ya nchi aulize TFS kabla ya kufungasha. Kwa kisu kinachouzwa sokoni Mbeya, gharama na usumbufu wake hatuoni unalipa.

Mtiki una mafuta yake ya asili, na kwa kisu kinacholowa mara nyingi ni chaguo zuri. Mafuta hayohayo yanakataa gundi. Futa upande wa kugundisha kwa kitambaa chenye thina, subiri ukauke, gundisha ndani ya nusu saa. Una chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake, basi usishangae msumeno ukiwa butu mapema.

Mpaini na pale za mizigo

Mpaini tumia kwa kielelezo tu. Chonga mpini wa mpaini kwanza, ushike, uurekebishe hadi mkono uridhike, ndipo unakili umbo lile kwenye mti wa maana. Pale za mizigo, yaani vile vichanja vya mbao vya kupangia mizigo, nyingi ni mpaini uleule. Ukikutana na pale yenye mbao ngumu, tafuta mhuri: HT maana yake ilitibiwa kwa joto, ichukue, MB ilifukizwa kwa gesi ya sumu, iache. Isiyo na mhuri wowote, yenye madoa ya mafuta au kemikali, iache pia.

Nguzo za umeme na mataruma

Vipisi vya nguzo vinavyozagaa Mafinga na Njombe vinavutia: vimenyooka, vimekauka, havina bei. Usivitumie. Nguzo hushindiliwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, na dawa hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kuranda. Ukikata ncha utaona pete ya kijani upande wa nje, ila kwenye nguzo iliyopigwa jua miaka mingi rangi hufifia na kuwa kijivu, hivyo kutokuona kijani si ushahidi. Vumbi lake ni sumu, mpini wake utashikwa na mkono unaoshika ugali, na ukivichoma, aseniki inaingia kwenye moshi na majivu. Hilo la majivu liseme wazi nyumbani, kwa sababu mabaki ya karakana mara nyingi huishia jikoni.

Mataruma ya mbao ya reli nayo hupakwa kreosoti nyeusi yenye harufu ya lami. Reli ya TAZARA imelazwa zaidi kwenye mataruma ya zege, kwa hiyo anayekuletea taruma la mbao amelitoa mahali ambapo lilikuwa na kazi yake, na ni mali ya reli.

Kufunga: pale mti mzuri unapoharibiwa

Kama kisu ni cha jikoni na bajeti ni ndogo, chukua mninga wa kitanda. Cha mchinjaji, mkongo au mtiki. Cha shamba, mpera, na mwati ukikosa mpera. Ukishachagua, yafuatayo ndiyo yanayoangusha kazi.

Kwanza, mwelekeo wa nyuzi. Tazama kibao kwa ubavu: nyuzi ziende sambamba na kisu. Zikitoka kwa mshazari kuelekea tumbo la mpini, ndipo utakapovunjikia.

Matundu ya ribiti yasikaribie ncha ya kibao chini ya milimita 15, na kwa mkahawa iwe 20. Kwa ribiti ya milimita 5 toboa vibao viwili vikiwa vimebanwa kwenye mkia, na weka kipande cha mpaini chini ili keekee isimegue upande wa pili. Kwaruza chuma kwa msasa namba 80, ukifute kwa thina, paka epoksi pande zote. Usikaze jiliwa hadi gundi yote itoke. Ikibaki inaonekana kidogo kando inatosha. Makambako usiku wa Julai epoksi haigandi vizuri, hivyo kazi ilale kwenye chumba chenye joto la kama nyuzi 20, kwa saa 24. Ribiti ziache zichomoze milimita moja na nusu tu na uzigonge kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi.

Piga msasa namba 80, 120, 240, umalize na 400. Baada ya 240 lowesha mpini kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke. Nyuzi zitasimama, uzikate kwa 400. Usipofanya hivyo zitasimama siku ya kwanza mnunuzi anapoosha kisu.

Mafuta ni ya kitani yaliyochemshwa. Paka kidogo, subiri dakika 15 hadi 20, futa yote yaliyobaki juu, rudia kesho yake, mara tatu au nne. Mafuta ya alizeti tunayo mengi na ni ya bei nafuu, lakini hayakauki sawasawa na mpini hubaki unanata na kushika vumbi. Juu ya mafuta ya kitani unaweza kuongeza nta ya nyuki: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta, ikiyeyushwa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye kona yenye vumbi la mbao. Vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikakamae, ndipo uvitupe.